Biskuti za Mji wa Mlimani

Mimi huoka biskuti za kuuza hapa Eldoret. Mwenye duka hutaka pakiti zinazolingana. Biskuti zikitandaa haziingii kwenye pakiti, na zikivimba sana hufika dukani makombo.

Mji wetu uko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, kwa sababu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ndiyo maana vipimo vya pwani hutusumbua. Gesi ya beking pauda hutanuka kupita kiasi, unyevu hukauka upesi, sukari nayo hukolea na kulilegeza donge kabla halijashika. Biskuti hupanda, kisha huanguka na kusambaa kama chapati.

Binti anayenisaidia huwahi swichi ya oveni: "Auntie, niongeze moto?" Namrudisha kwenye bakuli kwanza. Kwa gramu 250 za unga wa ngano natia majarini gramu 125 na yai moja. Sukari, ambayo wengi hupima gramu 125, mimi naishia 100. Beking pauda ni nusu ya kijiko cha chai. Majarini na sukari navipiga mpaka vichanganyike tu, maana hewa ninayoiingiza hapo nayo itatanuka ndani ya oveni. Sukari yetu ina chenga kubwa, kwa hiyo naisaga kidogo isibaki ikikwaruza ulimi, ila siifanyi vumbi, kwani iliyo laini sana huzidisha kutandaa. Unga ukishaingia, mkono uwe mwepesi. Ukiukanda kama wa chapati, utavuta na biskuti itakuwa ngumu.

Kisha donge lipumzike kwenye friji nusu saa. Mafuta yaliyoganda huchelewa kuyeyuka, na kingo hupata nafasi ya kushika. Asubuhi za Julai baridi ya huku hunifanyia kazi hiyo bure, lakini saa nane mchana, oveni ikiwa imewaka tangu asubuhi, jikoni kwangu majarini hulegea yenyewe. Kila kidonge nakipima kwa mizani. Trei iliyotoka motoni naiacha ipoe kabla ya kupangia zingine, kwa sababu trei moto huyeyusha mafuta kutoka chini.

Hapo ndipo moto unapoingia: nyuzi 190 badala ya 180, ili kingo zikaze mapema. Saa hunikumbusha tu kuchungulia. Kingo zikipata rangi ya dhahabu, katikati pakiwa bado laini, natoa. Zinamalizia kuiva juu ya trei kwa dakika tano.

Anayetaka biskuti ya kutafuna aitoe mapema kidogo. Anayetaka ya kuvunjika kwa mlio aiache mpaka katikati pakauke. Kwa donge lilelile naweza kumuuzia kila mmoja anachotaka.