Walimtupa Lodwar, Kisha Wakamfuata Wenyewe

Msomaji wangu, wiki hii sina kisa cha mapenzi. Nimetoka Lodwar, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, na mpaka leo viatu vyangu vina mchanga.

Nilikwenda kumwona kaka. Miaka mitatu iliyopita aliuza pikipiki ya Mzee bila ruhusa. Mzee akafoka, "Potelea mbali!" Kaka naye kwa ukaidi wake akapotelea mbali kweli. Siku hizi ni fundi magari huko, kwenye joto la kukausha mate mdomoni.

"Usinionee huruma," akaniambia. "Hapa alifukuziwa mkubwa kuliko mimi."

Ni kweli jamani. Aprili 1953, mahakama ya Kapenguria ilimfunga Jomo Kenyatta miaka saba kwa madai ya kuongoza Mau Mau, madai aliyoyakana. Akapelekwa jela ya Lokitaung, mbali zaidi huko kaskazini, pamoja na akina Bildad Kaggia na Paul Ngei. Wenzake walipigishwa kazi ngumu, yeye kwa sababu ya umri akawa mpishi wao. Hebu fikiria, rais mtarajiwa yuko jikoni!

Mwaka 1959 kifungo kikaisha, lakini kurudi nyumbani, wapi! Wakoloni wakamweka Lodwar, marufuku kutoka. Walidhani jangwa litamsahaulisha watu. Thubutu! Mwaka 1960 Gavana Renison alimwita kiongozi wa kuwapeleka watu kwenye giza na mauti. Mwaka uliofuata KANU ikashinda uchaguzi, ikagoma kuunda serikali mpaka Mzee aachiwe. Machi 1961 viongozi wa KANU na wapinzani wao wa KADU wakapanda ndege, wakamfuata hukohuko jangwani. Kimji ambacho hakuna aliyekitaka kikawa ndiko siasa za Kenya zinakoamuliwa. Aprili akahamishiwa Maralal, Agosti akawa huru, na Juni 1963 akawa Waziri Mkuu.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawaza nyumbani kwetu. Jina la kaka halitajwi mezani, lakini kila pikipiki ikipita Mzee anachungulia dirishani. Mama naye bado anapika chakula cha watu watano wakati tuko wanne. Sasa hapo nani kafukuzwa?

Asubuhi kaka akanipa bahasha. "Mpe Mzee. Ni nusu ya pikipiki. Nyingine natafuta."

Nilipofika nyumbani nikamkabidhi. Mzee akazihesabu mara mbili, akakohoa, akatazama ukuta. Nikajua leo nalala nje.

"Hivi," akauliza taratibu, "basi la kwenda huko Lodwar linaondoka saa ngapi?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.