Kusubiri Maji Nyamisati

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 kwa kuchora mishale ubaoni: wizara hadi mkoa, mkoa hadi wilaya. Sikuwahi kujiuliza mshale huo huvukaje bahari.

Likizo iliyopita niliazimia kwenda Juani, katika visiwa vya Mafia, kwenye hori moja la mchanga upande wa mashariki ambako kasa hutaga. Ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na kutua Kilindoni baada ya muda mfupi tu. Nikaamua kwenda kama waendavyo wenyeji. Nikiri kwamba nauli ya ndege ilinisaidia kuamua.

Alfajiri nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu. Tukapita Mkuranga, tukaiacha barabara kuu Bungu, tukateremka Nyamisati. Hapo tukasubiri maji. Yakipwa, boti hulala juu ya tope na hakuna cheo wala haraka ya mtu inayoweza kuinyanyua. Tulikaa kivulini kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Mwalimu mmoja kijana aliniamkia, akanisogezea nafasi kwenye gogo. Alikuwa ameitwa bara kwa kikao cha saa mbili, na hiyo ilikuwa siku yake ya nne nje ya kituo. Darasa lake la saba lilikuwa halina mtu.

"Na kikao kiliamua nini?" nikamuuliza.

"Tulisaini mahudhurio, Dokta, tukanywa chai."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, nami nikaona haya. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ambao makao yake makuu yako Kibaha. Mkazi wake akitaka kufika makao makuu ya mkoa wake mwenyewe, kwa njia hii huvuka bahari, kisha hupita Dar es Salaam, mkoa wa wenziwe, ndipo afike. Katika mchoro wangu wa ubaoni, safari hiyo ni mstari wa sentimita tano.

Boti ilipita katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, kisha ikakutana na mawimbi. Majaketi ya kujiokolea hayakutosha. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka hospitali alimvisha mwanawe lake, akabaki ameshika ubao wa kando. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Kutoka Kilindoni nilichukua bajaji hadi Utende, nikalipa ada ya Hifadhi ya Bahari, nikavushwa kwa mashua hadi Juani, kisha nikakata kisiwa kwa miguu. Hori lilikuwa zuri kuliko nilivyoambiwa. Nilikaa pale peke yangu hadi jua lilipokuchwa.

Niliporudi kijijini simu ikapata mtandao. Mwalimu alikuwa ameniandikia kuuliza kama nimefika salama. Yeye, aliongeza, ameitwa tena bara mwezi ujao: kikao cha siku moja.