Pua Ikigoma

Ndugu msomaji, wewe unayeota kuandika riwaya kama mimi, hebu jaribu kueleza soko la samaki pasipo harufu. Utabaki na makelele tu. Mimi niliishi hivyo mwaka 2021, UVIKO-19 iliponipitia na kuondoka na pua yangu. Kikohozi kiliisha, homa ikaisha, lakini chai ya tangawizi ikawa maji ya moto yenye sukari.

Washikaji walicheka: "Una bahati, husikii harufu ya mitaro!" Wamesahau kwamba pua ni mlinzi. Siku moja mama alirudi kutoka dukani akakuta maharage yanaungua, nami nimekaa hatua tatu tu kutoka jikoni, nasoma. Je, ingekuwa gesi inavuja?

Daktari wa masikio, pua na koo alinifafanulia taratibu. Juu kabisa ndani ya pua kuna seli za neva zinazodaka harufu na kupeleka habari kwenye ubongo. Wengine njia huzibwa na mafua, aleji au nyama za puani. Hao husaidiwa na dawa ya kupuliza, au upasuaji. Wengine wamegongwa kichwa, nyuzi za neva zikakatika. Uzee nao hupunguza. Hata ugonjwa wa Parkinson waweza kuanzia puani, miaka mingi kabla mikono haijatetemeka. Virusi vya UVIKO-19 hushambulia hasa seli jirani zinazozitegemeza zile neva. Nafuu yetu ni kwamba neva za pua huweza kuzaliwa upya.

Nikapewa mazoezi badala ya vidonge. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wao: nusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, wiki 12. Karafuu bwana! Ile ile inayoanikwa Pemba juu ya majamvi.

Si muujiza. Karafuu ilirudi mwezi wa nne, kwa mbali. Limau hadi leo linaninukia plastiki iliyoungua. Lakini nimejifunza kunusa kwa makusudi, kitu kimoja kimoja, na kukitafutia neno lake.

Basi mwenzangu, pua yako ikigoma ghafla bila mafua, usingoje. Nenda ukapimwe. Na anayekwambia hasikii harufu, usimcheke. Muulize nani anamwangalizia jiko.