Diski ipo, kerneli haiioni

Leo nawasimulia usiku mmoja wa mwaka 2008 ambao nusura univunjie heshima pale Dunga, ufuo wa wavuvi nje kidogo ya mji wa Kisumu.

Kina mama wa chama kimoja cha wauza samaki walikuwa na kompyuta kuukuu, memori megabaiti 128, yenye hesabu zao zote za akiba. Kesho yake asubuhi walikuwa wagawane. Mimi, kwa kujifanya fundi, nikawaundia kerneli yao wenyewe, toleo la 2.6.24, nyepesi, bila initrd. Tena nikafuta ile ya zamani ili kuokoa nafasi. Nakala ya hesabu? Hakuna. (Msinicheke.)

Nikawasha: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)".

Sifuri mbili hizo maana yake kerneli haijaona diski yoyote yenye jina ulilolitaja. Nikaingiza CD ya Knoppix: diski ipo, faili zipo, jina ni hda1, sawasawa na nilivyoandika kwenye GRUB. Hapo nikapotea saa nzima. Kumbe jina halitoki kwa diski, linatoka kwa kiendeshi! Knoppix ile ilitumia viendeshi vya zamani vya IDE. Mimi nilichagua vipya vya libata, ambavyo huiita diski hiyohiyo sda. (Vile vya zamani viliondolewa kabisa katika Linux 5.14, mwaka 2021.)

Nikaandika root=/dev/sda1. Kosa lilelile! ATA_PIIX na BLK_DEV_SD nilikuwa nimeviweka M, yaani moduli, na moduli zenyewe zimo ndani ya diski isiyofunguka. Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Nikarudi kwenye Knoppix, nikaingia kwa chroot, nikaviweka Y, nikaanza kukompaili upya. Stima ikapotea katikati, ikarudi saa nane usiku. Nikaanza tena, mbu wa ziwani wakinisindikiza.

Ikawaka, halafu ikakwama: fstab bado ilisema hda1. Hapo nikaweka UUID, nikamalizana na majina.

Mweka hazina alifika saa moja asubuhi.

"Mwanangu, hesabu zetu zimo?"

"Zimo, mama."

Akafungua jedwali, akalitazama kimya, kisha akatoa kaunta buku mkobani na kuanza kunakili kila mstari kwa kalamu.