Wake Wanne wa Chumba cha Mashariki

Juni 1983, mafundi waliokuwa wakichimba kilima cha Xianggang mjini Guangzhou ili kujenga nyumba za ghorofa waligonga mawe ya kaburi. Aliyelazwa humo alikuwa Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola ya kale ya Nanyue, kusini mwa China, aliyefariki kama mwaka 122 KK, akiwa amevishwa vazi la vipande 2,291 vya jade. Leo pale ni makumbusho, na wageni hujazana mbele ya vazi hilo kupiga picha. Wachache hukawia kwenye vitu vilivyotoka chumba cha mashariki.

Humo walizikwa wake zake wanne. Hawakufa kwa siku zao. Waliuawa ili wamsindikize mume, wao pamoja na watumishi, jumla yao 15. Kila mke alizikwa na muhuri wake. Ule wa mwenye cheo cha Bibi wa Kulia ni wa dhahabu tupu, upana kama sentimita mbili, na mgongoni amekaa kobe mdogo; wenzake watatu walipewa shaba iliyopakwa dhahabu. Yaani hata kuzimu wasisahau nani mkubwa. Bibi wa Kulia alikuwa na muhuri mwingine, wa pembe ya ndovu, wenye jina: Zhao Lan. Lakini Zhao ni ukoo wa mfalme, na wapo wataalamu wanaodhani alipewa jina hilo na mumewe. Wale watatu hatuna cha kuwaita ila vyeo.

Kwetu pwani bibi harusi akitolewa, vigelegele na machozi hutoka mlango mmoja, wala hakuna anayeona ajabu. Kwenye majumba ya wafalme naona vigelegele ndivyo vilivyoandikwa. Mwaka 1866 mabinti wawili wa kifalme walipanda meli kwa kupishana wiki chache. Agosti, Sayyida Salme aliondoka Unguja kwa siri ndani ya manowari ya Waingereza. Mwaka uliofuata akaolewa Aden na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Septemba, Dagmar wa Denmark alipelekwa Urusi kuolewa na mrithi wa kiti, Alexander, mdogo wa mchumba wake aliyefariki mwaka mmoja nyuma. Mmoja akawa Emily, mwingine Maria Feodorovna. Salme alizikwa Hamburg mwaka 1924 pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza. Dagmar alirudi kwao akiwa mjane wa dola iliyopinduliwa, akafia huko 1928, lakini alitaka kulala kando ya mumewe. Mwaka 2006 mabaki yake yakahamishiwa St. Petersburg. Huyo alipoteza kwao mara mbili, na nadhani mara ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi.

Anayenikaa moyoni, hata hivyo, ni mkwe wa Zhao Mo. Mwana wa mfalme, Yingqi, aliwekwa Chang'an, mji mkuu wa dola ya Han, kama rehani ya utii wa baba yake, akaoa huko binti wa Handan wa ukoo wa Jiu. Akarudi naye kusini, akafa, na mtoto wao Zhao Xing akatawazwa. Mjane sasa ni mama wa mfalme katika nchi inayomwona mgeni. Akashauri Nanyue iingie chini ya Han, yaani chini ya watu wake. Mwaka 112 KK waziri Lü Jia akamuua yeye, mwanawe na wajumbe wa Han. Mwaka uliofuata jeshi la Han likauchoma mji mkuu, Panyu.

Sima Qian, aliyeandika habari hizi, anasema mjumbe mmojawapo alikuwa mpenzi wake kabla hajaolewa, wakarudiana, na raia wakamchukia kwa hilo. Huenda ni kweli. Ila mjumbe yule alikuwa pia mtu aliyemjua kabla hajawa mke wa mtu yeyote, na katika jumba zima la Panyu sidhani kama alikuwapo wa pili. Siasa zake zilikuwa mbovu, ziliua watu. Kufurahi kumwona mgeni huyo mlangoni, mimi sihesabu kuwa kosa.