Ubao Tuliouacha Marsabit

Alhamdulillahi, misahafu ilifika Kalacha salama. Lakini safari ile ilitufunza jambo ambalo hatukulipata darasani.

Siku iliyotangulia tulilitengeneza lori Marsabit. Tulikagua mkanda wa feni, mafuta ya injini na maji ya rejeta. Tukafunga matairi mawili ya akiba, mitungi ya dizeli, koleo na kamba ya kuvutia. Dereva alitaka pia ubao mpana wa kuwekea jeki. Tukaona ni uzito bure, tukauacha.

Baada ya Alfajiri tuliiacha lami, tukashika njia ya Maikona, juu ya mawe meusi ya volkeno. Mbele yake ni Chalbi, ziwa la kale lililokauka, jeupe kwa chumvi. Huko dereva alipunguza upepo wa matairi ili yatanuke, yasizame mchangani. Tairi moja lililokwisha jeruhiwa na mawe likapasuka. Jeki, badala ya kuinua gari, ikadidimia.

Adhuhuri ilitukuta papo hapo. Maji yaliyobaki yalitosha kunywa tu, basi tukatayamamu. Mwishowe tulibandua ubao wa ubavuni mwa lori.

Dereva hakutulaumu. Sisi wenyewe tulikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake, kisha ategemee. Dua ya safari tuliisoma, ngamia hatukumfunga.

Enyi akina mama, mnapowaaga wasafiri wenu kwa dua, waulizeni pia: maji yapo? Na ubao je?