Kabla Hujanunua Bunduki ya Upepo

Bukoba

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kunieleza kwamba kuna mtu anakuuzia bunduki ya upepo, na kwamba umeshaanza kutenga fedha za mpunga. Hakuniomba nikukataze. Ameniomba nizungumze nawe, kwa kuwa anajua nilivyotembea pori la Burigi nikiwa askari wa wanyamapori. Lakini nakuandikia kwanza kama baba yako mkubwa.

Nianze na sheria ili tumalizane nayo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba yetu. Kanga anayechakura nyuma ya nyumba yenu hapo Ngenge hajawa wako kwa sababu tu analala kwenye mti wenu. Kumwinda kunahitaji leseni, na nyama ya porini ukikutwa nayo bila karatasi ni nyara za serikali. Huko Mara watu wamehukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa vipande vya nyama ya nyumbu. Silaha nazo zina sheria yake ya udhibiti, ya mwaka 2015, na asikudanganye mtu kwamba ya upepo ni kifaa cha kuchezea watoto. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda polisi Muleba ukaulize, kisha upite kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya. Na ndani ya mipaka ya hifadhi usiwaze kabisa. Zamani Burigi ilikuwa pori la akiba, mwenye leseni angeweza kuruhusiwa kuwinda humo. Tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na humo hawindwi hata njiwa.

Hata hivyo sheria siyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mtu anaweza kuwa na leseni mfukoni na bado akawinda vibaya, nimewaona wengi.

Ifahamu vizuri silaha yenyewe. Haina baruti. Springi, au hewa iliyoshindiliwa, inasukuma kirisasi cha milimita 4.5 au 5.5, chenye uzito wa nusu gramu hadi gramu moja hivi. Bunduki kubwa ina nguvu ya kumwangusha mnyama. Hii ya upepo inategemea mahali risasi ilipogusa, basi. Na mahali penyewe ni ubongo. Kwa sungura ni sehemu ndogo kati ya jicho na sikio. Kwa kanga ni kichwa ambacho hakitulii hata anapokula. Ukimpiga kanga tumboni hataanguka. Ataruka, atavuka mfereji, atatua kwenye mafunjo, na huko atakufa kesho kutwa, matumbo yakiwa yameoza angali hai. Wewe utawaambia wenzako kwamba umemkosa, na utakuwa unaamini unachosema.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Gobore likilia, kijiji kizima kinasikia, na mwenye gobore ataulizwa amepiga nini na kiko wapi. Ya upepo haisikiki hata nyumba ya tatu. Hakuna wa kukuuliza. Na risasi zake ni bei rahisi, kwa hiyo kijana anajaribu bahati: ndege yuko mbali, upepo unavuma, lakini anapiga, maana hakuna anachopoteza. Anayepoteza ni yule mnyama.

Babu yako aliwinda, nawe umesikia habari zake. Waliingia porini wengi, na nyavu na mbwa waliofungwa njuga, na mnyama aliyejeruhiwa walimfuata mpaka wampate, hata kama jua limezama na nyumbani wanasubiriwa. Kumwacha ilikuwa aibu ya kundi zima. Hao ni watu waliomheshimu Irungu, waliyemwamini kuwa ndiye mwenye pori, na kila ukoo wa Kihaya ulikuwa na muziro wake, kiumbe ambacho hata njaa iwe kali vipi hakiliwi. Sikuambii uamini walivyoamini. Ninachokuonyesha ni kwamba kizuizi hakikuletwa na serikali. Mwindaji alijua kabla ya kutoka nyumbani kwamba kuna viumbe hatavigusa.

Usidhani namlaumu kila aliyewahi kuua mnyama bila kibali. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo, na kambi za Ngara zikajaa watu kwa malaki, mapori yetu ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliumia sana. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi na maharage, nyama hakuna, na kulikuwa na watu tayari kuwauzia nyamapori. Mama mwenye watoto anayetafuta kipande cha nyama simweki kundi moja na kijana aliyeshiba, anayempiga hondohondo mtini ili apige naye picha. Wewe mwanangu una kuku, una dagaa wa Ziwa Victoria, na mbuzi wapo. Ukiwinda, huwindi kwa njaa. Basi wajibu wako ni mkubwa kuliko wa mwenye njaa, na naomba usitafute njia ya kuukwepa.

Kama polisi na maliasili watakuruhusu, na bado unataka, haya ndiyo ninayokudai. Tafuta mahali penye kichuguu au ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, ubandike kizibo cha soda, urudi nyuma hatua ishirini na tano. Siku utakapokipiga kila mara, nasema kila mara, ndipo uanze kufikiria kiumbe chenye damu. Zaidi ya umbali huo usipige. Mnyama anayetembea usimpige. Usimmulike sungura kwa tochi usiku. Sheria inakataza, na hata isingekataza, kumpumbaza mnyama kwa mwanga kisha kumuua si uwindaji. Mvua zikianza kanga hutaga chini majanini, na wiki chache baadaye utawaona wazazi wakiongoza vifaranga. Msimu huo bunduki ibaki ndani. Na ukimjeruhi mnyama, acha mengine yote umtafute. Ukiona hutaweza kuingia kwenye mafunjo kumfuata, usipige ndege aliye karibu na mafunjo.

Migomba pia inanitia wasiwasi. Kirisasi kilichokosa ndege kinapenya majani na kuendelea, na nyuma ya majani hayo kuna uwanja wa jirani na watoto wake. Jicho la mtoto halirudi.

Kuhusu popo sina mjadala. Najua vijana huwapiga kwa manati kwenye miembe. Mkoa wetu umepigwa na Marburg mara mbili: mwaka 2023 huku Bukoba, ambako watu sita walifariki, na mwanzoni mwa 2025 kule Biharamulo, ambako walifariki kumi. Virusi hivyo hukaa kwa popo wa matunda. Usiwapige, usiwaokote, wala usile mnyama wa porini uliyemkuta amelegea anashindwa kukimbia. Urahisi wa kumpata ndiyo dalili yake ya ugonjwa.

Umemwambia mama yako kwamba bunduki itawalindia mpunga dhidi ya ndege. Nimelifikiria hilo kwa makini kwa sababu hasara ni ya kweli. Lakini kwelea kwelea huja kwa maelfu. Ukiua mmoja, waliobaki hawajui hata kama amekufa. Kinachowaondoa ni watu shambani kuanzia alfajiri, makopo na kamba, kelele, na jirani anayepanda wakati mmoja nawe ili ndege wasielekee shamba moja. Kundi likiwa kubwa kupita uwezo wenu, afisa ugani apewe taarifa mapema, kabla mpunga haujakomaa. Fedha unazotaka kumpa muuzaji zingelipa vijana wawili wa kuamia mpaka mavuno.

Muulize huyo muuzaji akuonyeshe karatasi za umiliki. Akianza maneno mengi, mwache aende zake na unipigie simu siku hiyo hiyo. Akiwa nazo, nitumie picha ya karatasi hizo, na nitakuja Ngenge mwenyewe twende pamoja polisi. Mwambie mama yako fedha za dawa ya mgongo nimemtumia kwa simu jana, na mdogo wako aje likizo hii, chumba kipo.

Wako,
Baba mkubwa